Mzee Aliyenisalimu Chini ya Kairo

Ninachokueleza kilinitokea mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki yangu. Najua ukisikia natoka Sumbawanga utatabasamu, useme haya, yameanza. Tabasamu tu. Mimi ni mtu wa kufikiria kitu mpaka kichwa kinauma, na jambo hili nimeligeuza kila upande nikitafuta mahali nilipokosea kuona au kusikia. Sijapaona.

Nilimaliza chuo, masomo ya kilimo, nikarudi Malangali, mtaa wetu pale Sumbawanga, kukaa na mama. Baba alishafariki, dada ameolewa Mpanda, tukabaki wawili. Kisha nikapata nafasi ya kozi fupi ya umwagiliaji huko Kairo, Misri. Mimi ambaye hata safari ya Mbeya huninyima usingizi!

Tulikuwa Watanzania wawili kwenye kozi, mimi na Hamisi, kijana wa Tanga mwenye mdomo. Siku ya mapumziko akasema tulitembelee jiji kwa treni ya chini ya ardhi: unashuka kituo kimoja, unatazama, unapanda tena. Nikamuuliza, je, umeme ukikatika tukiwa huko chini? Je, tukipotezana?

"Mshikaji, wewe wa Sumbawanga treni ya nini?" akasema. "Toa ungo wako tupande wote."

Nikacheka, ingawa utani huo wa uchawi wa kwetu nimeusikia mpaka umechakaa.

Tukashuka kwa ngazi zinazotembea zenyewe, mimi nimeshika ukingo kama mtu anayevuka mto. Tuliona makanisa ya kale yenye kuta nene, tukaona soko lenye harufu ya viungo na ngozi, tukapita chini ya mto Naili wenyewe. Hamisi alikuwa anajipiga picha. Mimi nilikuwa nawaza maji yote yale juu ya kichwa changu.

Alasiri watu wakawa wengi. Treni ilipokuja Hamisi akajipenyeza ndani, na kabla sijainua mguu milango ikajifunga. Nilimwona nyuma ya kioo akinionyesha kwa kidole kwamba ataningoja kituo kinachofuata. Basi, jambo nililoliogopa tangu asubuhi likawa limetokea. Nikapanda iliyofuata peke yangu.

Behewa nililoingia lilikuwa karibu tupu. Ajabu, si ndiyo? Nje watu wanasukumana, humo ndani hakuna. Mbele yangu alikaa mzee mmoja mweusi kama sisi, amevaa koti zito la baridi na mabuti ya mvua. Mabuti yalikuwa na tope bichi, na jani la mahindi limenata kwenye kisigino. Kairo ilikuwa kavu, joto linachoma. Niliona yote hayo, niamini, niliyaona. Lakini nikajiambia huenda ni kibarua wa bustani, usianze mambo yako.

Mzee akakutanisha viganja vyake, akapiga makofi taratibu, akanisalimu kwa Kifipa, lugha ya kwetu.

Hapo nikafanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angelifanya. Kijana wa kwingine angesema poa, akarudisha macho kwenye simu. Lakini Ufipa mzee akikusalimu hivyo hukai kitini. Unachuchumaa, unapiga makofi, unaitikia. Na akikuuliza wewe ni wa nani, unajieleza mpaka akupate: baba yako, babu yako, mlikotoka, mnakoishi sasa. Ukikwepa, umewavunjia heshima waliokuzaa.

Nami nilijieleza. Kwa furaha, hata. Nani asingefurahi kusikia lugha ya nyumbani mahali kama pale? Nikamtajia ukoo wetu. Nikamwelekeza nyumba yetu, upande wa barabara, rangi ya geti.

"Na mama yako anakaa na nani?" akauliza.

Nikamwambia yuko peke yake mpaka nirudi.

"Basi nitapita kumsalimia," akasema. "Nimkute kabla hajafungia kuku."

Nilicheka kwa adabu, nikampigia makofi tena, bado nimechuchumaa. Treni ikasimama, Hamisi akagonga kioo kutoka nje. Nikageuka kumuaga mzee. Kiti kilikuwa kitupu. Chini, tope lilikuwa bado bichi.

Niliposhuka, Hamisi alinishika bega. Uso wake haukuwa na utani. Aliniuliza nilikuwa nampigia nani makofi, kwa sababu yeye aliniona nimechuchumaa mbele ya kiti ambacho hakina mtu.

Tulipofika hosteli nilimpigia mama. Alipokea kwa furaha.

"Mgeni wako ameshafika," akasema. "Amenikuta hapa nahangaika na kuku. Mbona hukunipa habari mapema, nimchinjie mmoja?"

Alisema mgeni anakula ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, ni mzee mwenye adabu sana, na ameleta salamu zangu. Nikamwomba ampe simu. Sauti haikuja. Nilichosikia ni mlio ule wa treni kabla milango haijajifunga, kisha milango yenyewe ikibamizana. Reli haijafika Sumbawanga, na mama alikuwa sebuleni kwake.

Nikamwambia, mama, toka nje, nenda kwa jirani. Akanikemea, akauliza ni nani alinifundisha kumwacha mgeni mezani. Simu ikakatika.

Nilimpigia mama mdogo anayekaa Chanji, hapo hapo mjini. Akachukua bodaboda, akafika haraka. Akanieleza kwamba amemkuta mama amekaa peke yake na sahani mbili, moja haijaguswa, na maji ya kunawa yamewekwa upande wa pili. Mama alikuwa mzima, anacheka. Akasema mgeni ametoka kidogo.

Nilirudi kabla kozi haijaisha. Mama alinipokea vizuri, akanipikia, akaniuliza mbona nimekonda. Nikaanza kupumua. Kesho yake alasiri akavaa kitenge kizuri, akaketi sebuleni, mkoba mapajani, akaanza kunisimulia jiji. Akazisimulia ngazi zinazotembea, makanisa yenye kuta nene, soko. Akasema wanapita chini ya mto sasa, nisiogope. Sikuwa nimemwambia hata moja, na mama hajawahi kuvuka Mbeya.

Tukampeleka hospitali, presha yake ni nzuri kuliko yangu. Padri alikuja akaomba. Asubuhi mama yuko shambani anapalilia na kutaniana na majirani. Ni alasiri tu. Anaketi, mwili unayumba kidogo kidogo, kisha unaenda mbele kama wa mtu ambaye treni yake imefunga breki. Ananitajia wamefika wapi. Majina hayo nimeyatafuta kwenye simu. Ni vituo vya kweli, na vimefuatana. Juzi alitaja kimoja ambacho hakipo kwenye ramani yoyote. Nikamuuliza kikoje.

"Hakina taa," akasema. "Mzee anasema chetu ndicho kinachofuata."

Jana alisimama. Alipiga hatua kuelekea ukutani, ambako hakuna mlango, na mguu wake uliinuka kama wa mtu anayeshuka. Nilimkumbatia kiunoni. Niamini, alikuwa anavutwa. Mama yangu ni mwembamba, mimi nina nguvu zangu, na bado tuliburuzwa wote wawili mpaka zulia likakunjamana chini yetu. Kisha nguvu ile ikatuachia.

Nimeitwa kazini Kasesya, mpakani na Zambia. Nimekataa. Dada anasema nawaza kupita kiasi. Ninamwelewa, nimekuwa hivyo maisha yangu yote.

Wewe unayesafiri, nakuonya. Ukienda mbali na nyumbani, ukasalimiwa kwa lugha ya mama yako mahali ambapo haikutarajiwa, itikia salamu, basi. Waache wakuite huna adabu. Usiseme nyumba yenu iko wapi, wala nani amebaki humo peke yake.

Jua limeshaelekea upande wa pili wa nyumba. Mama amebadilisha kitenge, amechukua mkoba wake, ameketi. Ninaacha kuandika hapa, nahitaji mikono yote miwili.