Mgongo wa Assumani

Cyprien alikuwa karani wa ofisi, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Assumani alivusha watu kwa mtumbwi kati ya Kisangani na Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo, Mwislamu asiyejua hata neno moja la Kifaransa. Walijuana siku mtumbwi ulipogota mchangani, hatua chache kabla ya ukingo. Wazungu walikuwa wakibebwa mgongoni hapo, basi na Cyprien naye akakaa akingoja.

"Sibebake mutu mweusi mwenzangu, papa," Assumani akamwambia. "Vula viatu, kanyaga maji."

Kwanza Cyprien alinuna, kisha akacheka mpaka machozi. Tangu hapo, kila Jumamosi mchana Assumani alileta samaki, wakala kwa mikono nyuma ya nyumba, mkekani. Kwa wiki nzima hapo ndipo pekee Cyprien alipokuwa akishiba.

Maana ndani ya nyumba kulikuwa na mazoezi ya kula kizungu, kwa uma na kisu. Mwaka 1953 Cyprien aliomba kadi ile ya serikali ya Wabelgiji, ya kumhesabu mtu mweusi kuwa amestaarabika. Akiipata, binti yake Élise angeweza kuombewa nafasi katika shule ya wazungu. Lakini kwanza tume ingekuja bila taarifa kukagua vitanda, choo, uma na visu, hata watu wanaoingia kwake. Upuuzi mtupu, lakini nani angethubutu kusema?

Wakaja Jumamosi, wazungu wawili na daftari. Mkewe Georgette aliwaonyesha vitanda, huku Cyprien akinawa mikono mbiombio. Mmoja akachungulia uani, akamwona Assumani mkekani, miguu mitupu, vidole vimejaa wali.

"Huyu nani?" akauliza kwa Kiswahili chake kibovu.

Cyprien alimtazama rafiki yake. Akamwona na Élise, amesimama mlangoni na gauni lake jipya.

"Ni boyi wangu, Monsieur."

Assumani alisimama, akakusanya sahani, zote mbili, akaenda kuziosha. Yule mzungu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika kwamba nyumba ina mtumishi.

Kadi ilitoka. Majirani walikuja kumpongeza, na kila pongezi ilimchoma. Jumamosi tatu zikapita bila samaki. Ya nne, Cyprien hakuweza tena kuvumilia aibu. Alivaa viatu vyake, akashuka mtoni kumwomba Assumani msamaha.

Assumani alimpokea kwa heshima, akampangusia ubao wa kukalia. Wakaanza kuvuka. Kila Cyprien alipofungua kinywa, aliishia kuulizia maji ya mto. Mtumbwi ukagota mchangani, palepale pa siku ya kwanza. Cyprien akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Apana, bwana mukubwa." Assumani alikuwa ameshashuka majini, amempa mgongo. "Panda. Viatu yako itaingia maji."

Alisema kwa upole kabisa, bila kugeuka. Na watu wa Lubunga walikuwa wamesimama ukingoni wanatazama.

Cyprien akapanda.