Baba Aliyempenda Kila Mtoto wa Kata

Siku Bakili alipokisoma kitabu chake cha kulazia watoto mbele ya kamati, mtoto aliyeletwa kwa majaribio hakulala.

Aliyekoroma ni mwenyekiti.

Mwaka ulikuwa sabini na tano, mtaa wa Gerezani, kwenye shirika moja la umma la uchapaji. Bakili alikuwa karani pale. Mtu wa Liwale, mpole, mwandiko safi.

Amri ikashuka kutoka juu: kinatakiwa kitabu cha picha cha kuwasomea watoto wakienda kulala, kuhusu mapenzi ya wazazi.

Bakili akakiandika kwa siku moja. Alimtazama tu bintiye Siwema, miaka mitano, akichezea vifuniko vya soda uani kwao Kariakoo, maneno yakaja yenyewe.

Ukurasa wa mwisho, baba tembo anamwambia mwanawe: "Nakupenda kuliko kitu chochote duniani."

Kamati ikakaa. Watu saba, chai, maandazi.

"Kuliko chochote?" Mwenyekiti, Mzee Isidori, akashusha miwani. "Kuliko Chama?"

Bakili akatikisa kichwa haraka.

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti."

"Kuliko kazi?"

"Hapana, Ndugu."

"Basi andika ukweli. Halafu huyu tembo mbona ana mtoto mmoja tu? Huo ubinafsi."

Vikao vinne baadaye, baba tembo kashika jembe. Mama tembo yuko semina. Na mwisho unasomeka: "Nakupenda wewe na watoto wote wa kata hii, kwa usawa."

Bakili akaandika kama alivyoambiwa. Alishanong'onezwa kwamba karani mkaidi huhamishiwa ghalani, mikoani huko, akahesabu magunia.

Likaja jaribio. Akampeleka Siwema, akampakata, akasoma. Mama tembo hata hajafika semina, Mzee Isidori anakoroma.

Siwema macho kodo. Kitabu kilipoisha akageuka.

"Baba, kwani unampenda na Tatu wa nyumba ya pili? Yule anayening'ata?"

Wajumbe sita wakamkodolea Bakili.

"Ndiyo, mwanangu."

"Sawasawa na mimi?"

"Kwa... kwa usawa."

Siwema akashuka mapajani. Hakulia. Akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni, peke yake.

Wajumbe wakapiga makofi. Mwenyekiti kalala, kwa hiyo kitabu kinalaza. Kimepita!

Bakili akapandishwa daraja. Nyumbani, siku tatu mtoto hamsemeshi. Akiletewa kashata anasema, "Mpelekee Tatu."

Mkewe, Zamzam, akacheka kwa uchungu. "Baba Siwema, umeandika kitabu cha mapenzi, mtoto kakususa. Hongera."

Jumamosi mchana Bakili akakata shauri. Liwalo na liwe. Akaenda nyumbani kwa Mzee Isidori, nyumba za reli, kuomba ile sentensi irudishwe kabla kitabu hakijachapwa.

Kufika dirishani, akasikia sauti nzito ikisoma taratibu.

"Nakupenda kuliko kitu chochote duniani."

Akachungulia. Mzee kajilaza mkekani, mjukuu kifuani. Mkononi ana karatasi ya Bakili mwenyewe, ile ya kwanza, ambayo mzee aliipiga kalamu nyekundu kikaoni.

"Hodi... Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Wala hakuificha.

"Mzee, si uliikataa hiyo sentensi?"

"Niliikataa kwa umma. Hii ya nyumbani."

"Basi naomba irudi kitabuni."

"Hairudi. Kamati imeshapitisha." Akampapasa mtoto mgongoni. "Na shusha sauti, ndo kwanza anasinzia."

Bakili akarudi Kariakoo nusu anakimbia. Uani kumejaa wapangaji, na mjumbe wa nyumba kumi ananyolewa ndevu palepale. Bakili akachuchumaa mbele ya Siwema, akasema kwa sauti ya mnadani:

"Nakupenda kuliko kitu chochote duniani. Kuliko kazi yangu. Kuliko watoto wote wa kata hii."

Wembe ukasimama. Mjumbe akakohoa.

Siwema akamkazia macho baba yake.

"Rudia."

Akarudia.

Ndugu zangu, mapenzi ya mwanao usiyapeleke kikaoni. Wanaoyapiga kalamu nyekundu huko, ya kwao wameyaacha nyumbani, mahali salama.