Bomba Kubwa la Stendi

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na chuma hakijawahi kunitisha. Ila bomba kubwa la stendi yetu hapa Bariadi naliogopa mpaka leo, na nililifufua mwenyewe.

Kwenye banda wanaposubiri abiria wa Malampaka, msanii mmoja alisimamisha mabomba ya chuma, marefu kwa mafupi. Chini ya kila moja kuna mvukuto wa ngozi. Ukiukanyaga, bomba linalia. Abiria wakipokezana vizuri, wimbo huo! Panya wakazitafuna ngozi, mabomba yakanyamaza miaka, mwisho ofisi ya stendi ikanipa kazi ya kuyatengeneza.

Nilianza Jumapili asubuhi, watu wakiwa wachache. Mabomba madogo niliyang'oa nikayapanga kwenye mkokoteni niyapeleke karakana. Lile kubwa nilishalivalisha ngozi mpya ya ng'ombe. Nikasema ngoja nilijaribu.

Lilitoa mlio mnene, mrefu. Nywele zilinisimama. Ulikuwa mlio wa baragumu la mwano, wito wetu wa hatari. Ukiusikia, huulizi, unashika kilicho karibu na kukimbilia unakotokea mlio.

Wakaja. Walitoka majumbani, wakatoka kwenye mashamba ya pamba nyuma ya stendi, na fimbo, mapanga, mawe. Wakamkuta mtu ameshika nyundo, uso kaufunga kitambaa cha kuzuia vumbi la kutu, mkokoteni umejaa vyuma vya umma. Hata mimi ningemshuku.

"Za mwizi arobaini!"

"Mimi ni fundi! Ofisi imenituma!"

"Jumapili ofisi gani?"

Ushahidi wangu ulikuwa mmoja tu: kuliliza bomba tena, wajue ndilo lililowaita. Lakini nikililiza, nawaita na wengine. Mara ya kwanza niliukosa mvukuto. Nikajaribu tena, bomba likalia. Kwa mbali nikasikia wengine wakiitikia, wanakuja.

Mama mmoja muuza uji akasogea, akaweka mguu wake juu ya ngozi. Likalia.

"Mayo! Kumbe ndilo hili," akasema, akacheka. Wenzake nao wakacheka, wakaanza kugombea zamu.

Mimi nilikaa chini. Nikakivua kitambaa usoni nipate hewa. Mtu mmoja akainama kuniinua, kisha akaganda. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika jiwe. Ni mwenzangu wa kwaya. Tunaimba besi pamoja, bega kwa bega. Machozi yakamtoka.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Sikujua ni wewe."

Nikamwambia yameisha. Baadaye kanisani tulisimama mahali petu pa siku zote, wimbo ukaanza, na sauti haikunitoka. Nilikuwa nawaza: na kama nisingekuwa mimi?