Neno Alilokunywa Dada

Ndugu yangu, majuzi nilikuwa Kikole kwa arobaini ya dada. Watu walipokwisha kula na kutawanyika, nikabaki uani na binti yake tukiosha vyombo. Chini ya masinia akachomoa sahani nyeupe ya zamani, imebanduka rangi ukingoni.

"Mama mdogo, na hii tuitupe?"

Nikaipokea, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Sikulia. Nilichanganyikiwa tu, kwa sababu nilikumbuka kila kitu cha sahani ile isipokuwa neno lililoandikwa juu yake.

Ilikuwa sahani ya kombe. Mtoto wa nyumba ile akishikwa na homa, bibi yetu alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani, naye akaandika aya kwa zafarani mle ndani. Bibi akayasuuza maandishi kwa maji yenye marashi, na mgonjwa akayanywa. Hatukuona ajabu. Maneno yaliingia mwilini, homa ikatoka.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa na mtindo wake. Kila Ijumaa aliandika herufi chache ubaoni, akasema, "Jumatatu nileteeni neno refu lenye hizi zote. Maana msiniulize. Maana itakuja mkikua." Mwenye neno refu kuliko wenzake ndiye aliyepiga kengele wiki nzima, na kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa mbele ya ofisi ya walimu. Ungetuona tulivyoitamani ringi ile!

Vitabu hatukuwa navyo. Maneno tuliyasaka kwenye makopo ya maziwa, kwenye maboksi ya dawa, kwenye karatasi ambazo Mhindi wa duka kule Tingi alifungia sukari. Tukitumwa chumvi, tulirudi tunasoma karatasi, chumvi inamwagika njiani.

Wiki ya neno lile ilikuwa ya msimu wa korosho. Bibi alikaanga korosho kwenye debe lililotobolewa, moshi unawasha macho, na harufu ya mabibo yaliyochacha imejaa uani. Sisi tulibangua, mikono tumeipaka majivu ili mafuta yasituunguze. Dada alibangua huku midomo inacheza. Mwalimu alikuwa ametoa X na Y na nyingine nisiyoikumbuka, na dada alikuwa amepata neno kwenye mfuko wa dawa ya kupulizia mikorosho. Refu mno. Akilishika mwanzo, mwisho unamponyoka.

Jumatatu asubuhi akaniuliza, "Homa yangu ilitolewa na nini?"

"Kombe."

"Basi lete maji."

Akakoroga manjano ya jikoni, akaandika lile neno kwa kijiti kuizunguka sahani yote, akamimina maji, akasuuza, akanywa. Alikuwa anajifuta mdomo bibi alipotokea.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna, bibi."

"Sasa kombe la nini?"

"La Kiingereza," dada akasema.

Bibi akaitazama sahani, akatutazama. "Mmelitoa wapi?"

Nikamjibu mimi: kwenye mfuko wa dawa ya mikorosho.

"Mungu wangu! Mjukuu wangu kanywa dawa ya mikorosho!"

"Bibi, nimekunywa jina lake tu."

"Na la homa ulikunywa nini? Si maandishi tu? Lilikuponya au halikukuponya?"

Swali hilo nalibeba mpaka leo.

Dada akalazwa kwenye jamvi, akanyweshwa madafu mpaka tumbo likawa ngoma. Shule akakatazwa, akalia kwa ajili ya kengele yake. Mimi nikatumwa kumwarifu mwalimu. Nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Dada kalinywa neno." Walicheka mpaka wengine wakainama chini ya madawati. Mwalimu hakucheka. Alasiri akaja nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuona ulivyoniulia mtoto?"

Mwalimu akachuchumaa kando ya jamvi. "Neno liko wapi?"

Dada akafumba macho, akalitaja, herufi kwa herufi, taratibu, bila kukwama hata mara moja. Mwalimu akasema, "Kesho kengele ni yako."

"Umeona?" bibi akasema. "Bado limo tumboni. Lete dafu jingine."

Dada alipiga kengele wiki ile mpaka mwalimu mkuu akamwambia apunguze nguvu. Darasa la saba tukalimaliza wote, tukarudi shambani. Sidhani kama lile neno lilimfaa tena mahali popote. Nilipokwenda kumwona hospitali, kabla hajazidiwa, nilitaka kumwuliza lilikuwa neno gani. Nikaona ni upuuzi kumwuliza mgonjwa jambo kama hilo. Nikamwuliza kama amekula.

Hayo yote nilimsimulia binti yake pale uani, naye akanisikiliza mpaka mwisho, mikono ina povu. "Kwa hiyo mama alikunywa jina la sumu? Mbona hakuwahi kuniambia!" Akacheka, kisha akajifuta macho kwa kanga. Akatoa simu. "Nitajie herufi unazozikumbuka."

"X. Na Y. Na lilikuwa refu."

Yakaja maneno, ndugu yangu, yakajaa kioo, na akisogeza kidole yanakuja mengine. Sisi tulilisaka moja kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Nilidhani nitalitambua nikiliona. Yote yalikuwa na sura moja. Lile la juu labda ndilo, na la chini yake labda ndilo. Au huenda lake halimo kabisa. Mimi sikunywa, pengine ndiyo sababu nimesahau. Sijui.

Debe la bibi halipo, bibi hayupo. Sukari siku hizi inakuja imeshafungwa, na mtoto anayetumwa dukani harudi na kitu cha kusoma. Aliyelijua neno lile tumemzika, amekwenda nalo.

"Basi nisomee," nikamwambia.

Akaanza kusoma, moja moja, anazitaja herufi kama tulivyofundishwa sisi. Sauti ilikuwa ya mama yake, na pumzi fupi zile zile kabla ya herufi ya mwisho.

"Ndilo hili?"

Sikujua.

"Silo," nikasema, sahani ipo mapajani. "Endelea."