Udongo wa Migombani

Mpaka leo nikiona tangi la samaki namkumbuka yule binti, na kijicho kinanipanda upya.

Tulikuwa darasa moja, katika kijiji cha ujamaa upande wa Bisibo. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ameunda tangi kwa vioo vya dirisha, ndani akafuga perege wadogo. Vita vya Kagera vilipoanza, akaitwa jeshini. Alitaka mmoja wetu abaki na samaki wake, kwa hiyo akatupima: kila mtu aweke udongo kwenye chupa kubwa, aoteshe majani ya majini, atie perege mmoja. Nililitaka lile tangi kuliko nguo ya sikukuu.

Wala sikuwa na wasiwasi. Kwetu udongo ni wa migombani, mweusi, ulioshiba samadi na majivu miaka nenda rudi. Nilijaza nusu chupa. Siku ya tatu maji yalinuka zizi, perege akawa anahema juujuu. Siku ya nne akaelea.

Yeye, binti wa Wasukuma waliohamia juzijuzi tu, alichota udongo wa kando ya bwawa, usiootesha hata mhogo. Akauosha, akamwaga maji, akauosha tena, akauanika. Akatandaza unene wa kidole, juu akafunika mchanga. Tulimcheka sana. Maji yake yakabaki maangavu na majani yakashika.

Tangi akapewa yeye.

"Udongo wa tangini usiuguse," mwalimu alimwambia. "Ukiutibua, utawaua."

Nami nilisikia. Wiki ile ile, zamu yangu ya kufagia darasa, nilichukua kijiti nikautibua mpaka samaki hawaonekani. Kugeuka, yuko mlangoni na ndoo ya maji. Aliitua ndoo. Alianza kuwahamisha kwa kikombe, mmoja mmoja, nami nikatoka nikamwacha. Wawili walikufa.

Vita vilipokwisha mwalimu akarudi, amekonda, akaenda moja kwa moja dirishani kwenye tangi. Perege walikuwa wamezaana.

"Shikamoo, mwalimu," tulimwamkia sote.

"Marahaba. Nani amewatunza hivi?"

"Sisi wawili, mwalimu," alisema yule binti, akinionyesha.

Mwalimu akanipa mkono mimi kwanza, darasa zima likapiga makofi. Niliupokea. Hata hapo alikuwa amenishinda, na sijamsamehe.