Kahawa Nyuma ya Goli

Tumemzika kocha wetu wa zamani migombani kwake, na sasa sisi mashabiki tumeketi uani, tumechoka. Tone la kwanza la mvua linaangukia kahawa yake iliyoanikwa. Harufu inapanda, nami niko tena mabegani kwa baba, kwenye uwanja wa Ihanda.

Timu yetu ilikuwa ipige penalti dhidi ya Rugu. Nyuma ya goli, mjane mmoja alikuwa ameanika kahawa yake yote. Mvua ilipoanza kudondoka, kocha aliwaita wachezaji wote, hata mpigaji, wakaianue.

"Mwalimu," baba akafoka, "unafundisha mpira au kilimo?"

"Mpira ukiloa utakauka, mzee. Kahawa itaoza."

Waliporudi, mwamuzi alikuwa amewapa Rugu ushindi. Mashabiki walimzomea kocha mpaka mlangoni kwake, baba akiwa mbele, nami juu yake kama bendera.

Matone yanaongezeka. Baba anainuka kwa shida, anaweka fimbo chini, anashika ncha ya turubai lenye kahawa.

"Haya," anatuambia, "shikeni na huko."