Kiganja Mbele ya Mwanga

Kila jioni, iwe Visiga au Kisarawe, zimwi linapokaribia kutokea kwenye kitambaa, mwendeshaji wa gari la sinema huziba mwanga kwa kiganja chake kipana chenye mafuta ya mashine. Filamu hii ndiyo iliyojaza watu kuliko zote Dar es Salaam mwaka huu, na Wazungu waliitazama yote. Sisi tunapewa giza na sauti yake ya upole: "Zimwi limetokea, ndugu zangu. Ni baya sana."

"Toa mkono, bwana we!" Bi Mwanne alifoka jana kutoka mkekani. "Tumekuja kutazama vidole vyako?"

Watu walicheka. Mimi nilikasirika. Mwendeshaji alipokuwa akikunja kitambaa nilimfuata, nikamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuliona hilo zimwi.

"Hapana, dada," alisema. "Huwa nafumba macho. Amri ya Wazungu ni Waafrika wasilione, na mimi ni Mwafrika."